Redio, Homa ya Mafua na Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika mazoezi ya kufundisha ya hivi karibuni tulikaa nyuma ya darasa la nne, katika shule moja ya msingi ya mjini Tunduma, tukimwangalia mwanachuo wetu akifundisha somo la sayansi. Watoto walipita mia moja, na baadhi yao walikaa sakafuni. Mwanachuo alikuwa amenasa katika simu yake tangazo fupi la redio juu ya kujikinga na homa ya mafua, akaliweka lisikike mara mbili. Kisha akauliza maswali. Watoto wakajibu kwa pamoja, neno kwa neno, kama lilivyosemwa: nawa mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, funika mdomo ukohoapo, kaa umbali wa mita moja na mwenye kukohoa. Mwanachuo akatutazama kwa furaha, nasi, kusema kweli, tulikuwa tumekwisha kuandika neno "vizuri" katika karatasi ya tathmini.

Ndipo mmoja wetu alipoomba mtoto yeyote asimame aonyeshe mita moja ni kiasi gani. Wa kwanza alipima shibiri moja juu ya dawati. Wa pili alitembea kutoka ubaoni hadi mlangoni. Wa tatu, msichana mdogo aliyekuwa kimya tangu mwanzo, alitazama dawati lake, akatazama wenzake watatu aliobanana nao, akauliza: "Mwalimu, sasa nani atoke?"

Neno "vizuri" tulilifuta, lakini hatukumlaumu mwanachuo. Redio ilisema yaliyo kweli, na watoto walisikiliza kwa makini kuliko wanavyotusikiliza sisi. Lililokosekana ni kazi inayofuata baada ya redio kunyamaza, na kazi hiyo sisi wakufunzi hatukuwa tumemfundisha. Tunafundisha matumizi ya picha, chati, vizibo vya chupa na udongo wa mfinyanzi. Redio tunaitaja mara moja katika orodha ya zana na kupita. Twaandika makala haya ili kulipa sehemu ya deni hilo, na kwa sababu ugonjwa tunaousema si wa kubuni. Homa ya mafua imezunguka dunia mwaka 1918, mwaka 1957, mwaka 1968 na mwaka 2009, na hakuna mtaalamu atakayekuambia kuwa haitarudi.

Taifa hili lina ujuzi wa zamani katika kufundisha afya kwa redio, nao wanachuo wengi wa leo hawajapata kuusikia. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikishirikiana na Wizara ya Afya, Redio Tanzania Dar es Salaam na vyombo vingine, iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini na mijini, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12 na ushei. Kikundi kilikaa kuizunguka redio moja, kikasikiliza kipindi, kikasomewa sura ya kijitabu na yule ajuaye kusoma, kikajadiliana, kisha kikaazimia la kutenda kabla ya kukutana tena. Walizungumza juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Watu wakatoka hapo wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba na kuchemsha maji ya kunywa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule.

Wanaoisifu kampeni ya 1973 husifu redio. Sisi twaona sifa iende kwingine. Kabla kipindi cha kwanza hakijatangazwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufunzwa, na miongoni mwao walikuwamo walimu wa shule za msingi. Hao ndio waliojua kuuliza: hapa kwetu mbu huzaliana wapi? Redio iliyokuwa Dar es Salaam haikuweza kujua kisima cha kila kijiji kiko upande gani wa vyoo; aliyejua ni mtu wa hapohapo, na mtu huyo alikuwa amefundishwa namna ya kulifanya neno la jumla liwe neno la mahali. Kwa hesabu hiyo redio ilikuwa kengele. Kengele ni kitu muhimu shuleni, lakini hatujapata kuona shule inayofundishwa na kengele.

Hata hivyo hatusemi Mtu ni Afya irudishwe kama ilivyokuwa, na hapa twatofautiana na wenzetu wengi wanaolilia vikundi vya zamani. Kichocho hakijali kama watu thelathini wameketi chini ya mwembe mmoja wakibanana kuisikia redio. Safura haijali. Homa ya mafua hujali sana. Kirusi chake husafiri katika matone madogo yatokayo mtu akohoapo, apigapo chafya au azungumzapo kwa karibu, na mgonjwa huweza kuanza kuambukiza wenzake siku moja hivi kabla yeye mwenyewe hajajihisi kuumwa. Kikundi cha kusikiliza, ambacho ndicho kilichokuwa nguvu ya kampeni ile, ndicho hasa ugonjwa huu unachokitafuta. Janga likisha kuingia, mbinu yetu bora ya kufundisha umma yageuka kuwa hatari.

Jambo hili tuliliona kwa macho mwaka 2020, ingawa ugonjwa ulikuwa mwingine. UVIKO-19 si homa ya mafua, lakini njia zake za kuenea zafanana nayo kiasi cha kutosha kutufundisha. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, siku ya pili yake shule zikafungwa, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Katika muda huo masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Tulipowauliza watoto baadaye walichojifunza, wengi walikumbuka wimbo wa kufungulia kipindi. Redio ya nyumbani alikuwa nayo baba, au betri zilikuwa zimekwisha, au kipindi kilikuja saa ya kuchota maji. Hizo ni shida za kweli nasi hatuzidharau. Lakini hata mtoto aliyekaa mbele ya redio kipindi chote hakuwa amefundishwa kusikiliza peke yake. Kusikiliza ni stadi, kama kusoma ramani. Haiji yenyewe kwa sababu mtu ana masikio.

Basi hoja yetu ni kwamba kikundi cha kusikiliza kifundishwe wakati wa salama, darasani, ili siku ya hatari kiweze kugawanyika katika kaya, na kila kaya iwe na mtoto mmoja ajuaye kazi ya kiongozi wa kikundi. Matayarisho ya homa ya mafua, kwa upande wa mwalimu, hufanywa wakati ambapo hakuna homa ya mafua.

Kwa mkoa wetu wa Songwe haya si mambo ya mbali. Mwaka 1918 ugonjwa uliingia Cape Town mwezi Septemba, ukapanda kwa reli hadi Rhodesia, na kutoka huko ukafuata njia za askari na wapagazi kuja kaskazini. Mwezi huohuo jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma kurudi nchini, likapita Ubena, likapita katika nchi ya Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba likashambulia Fife, mahali palipo karibu na Nakonde ya leo. Wagonjwa wa mapafu walikuwa wengi katika safari hiyo. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba. Habari hiyo ilimfikia von Lettow-Vorbeck tarehe 13, katika bonde la mto Chambeshi, kwa barua aliyokutwa nayo mjumbe wa pikipiki wa Waingereza, na jeshi likasalimu amri Abercorn, ambayo sasa huitwa Mbala, tarehe 25. Mwanachuo na atazame tarehe hizo kwa makini. Habari njema kuliko zote za mwaka ule ilichelewa kwa siku mbili hata kwa jemadari. Mkulima wa Unyiha au Unyamwanga, ambaye hakuandikiwa barua na mtu, aliujua ugonjwa ulipokuwa umekwisha kuingia nyumbani mwake. Wapagazi walirudi makwao wakiwa na ujira wao, na wengine walirudi na homa. Duniani kote wengi hukadiria kuwa watu milioni 50 walikufa, na jambo lililowashangaza waganga ni kwamba vijana na watu wazima wa miaka 20 hadi 40, wenye nguvu za kulima, walikufa kwa wingi usio wa kawaida. Katika nyanda zetu za kusini-magharibi njaa ilifuata, kwa kuwa msimu wa kulima ulikuta mikono ya kushika jembe imepungua.

Hakukuwa na redio ya kuwaonya watu wale. Leo ipo, na onyo laweza kufika Kamsamba na Itumba kabla ya mgonjwa wa kwanza. Lakini onyo likifika katika maneno yasiyoeleweka limefika nusu tu, na hapa tuna neno la kusema juu ya lugha.

Katika Kiswahili cha kila siku mafua ni makamasi. Ni ugonjwa usiomzuia mtu kwenda shambani, na mwalimu akiomba ruhusa kwa sababu ya mafua wenzake humcheka. Sasa redio isemapo kwamba mafua yameua watu, msikilizaji hana mahali pa kuliweka neno hilo kichwani. Kisha tukaongeza majina ya wanyama. Mwaka 2009 yalipokuja yaliyoitwa mafua ya nguruwe, watu waliuliza kama nyama ya nguruwe bado yalika, swali la maana kabisa kwa mkoa ambao familia nyingi husomesha watoto kwa nguruwe wawili watatu. Ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu hadi mtu, wala haukupatikana kwa kula nyama iliyopikwa. Msiwacheke waulizaji: serikali ya Misri mwaka huohuo iliamuru nguruwe wa nchi nzima wachinjwe, na jambo hilo halikumkinga mtu hata mmoja na ugonjwa. Jina peke yake lilifanya kazi hiyo.

Na mafua ya ndege je? Katika darasa moja mtoto alituuliza kama ugonjwa huo huletwa na ndege za abiria. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu lugha yetu imempa yule wa mbawa za manyoya na yule wa mbawa za chuma jina moja, na mtoto alichagua lile alilolisikia likipita juu ya kichwa chake. Tena alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Mafua ya kuku na bata wa porini ni jambo moja, nalo lipo: Januari 2017 Uganda iliyathibitisha kwa ndege wa porini na wa kufugwa katika eneo la Ziwa Victoria. Lakini homa ya 2009, mgonjwa wake wa kwanza kuthibitishwa nchini, mwezi Julai, alikuwa mgeni kutoka Uingereza, wala hakuja kwa miguu. Swali lile moja lingetosha kuwa somo zima, na mwanachuo aliyekuwa akifundisha alilipita kwa kusema, "Kaa chini."

Tunduma ina shida nyingine ambayo shule za Dodoma au Morogoro hazinayo. Sisi ni watu wa mpakani. Malori ya barabara kuu na mabehewa ya TAZARA hupita hapa mchana na usiku, na tangu 2019 kipo kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde. Mitaa ya miji hiyo miwili hutenganishwa na hatua chache. Mwaka 2020, kuanzia mwishoni mwa Aprili, takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa upande wetu. Upande wa pili Zambia iliendelea kutangaza zake, na mwezi Mei ikafunga mpaka wa Nakonde kwa muda baada ya wagonjwa wengi kugunduliwa pale. Msafara wa malori ukasimama. Mtu wa Tunduma aliweza kugeuza kitufe cha redio akasikia dunia mbili. Mwaka 2021 msimamo wa nchi yetu ulibadilika, na Julai ya mwaka huo chanjo zikaanza kutolewa. Lakini kwa mwaka ule mmoja watoto walituuliza swali ambalo hakuna mukhtasari uliotutayarishia: ugonjwa uko ng'ambo tu?

Wengi wetu tulinyamaza. Twaandika hivyo bila kujitetea. Mwalimu hakuajiriwa kubishana na matangazo ya serikali yoyote, yake wala ya jirani, na hatumshauri mwanachuo ajaribu. Lakini palikuwa na jibu halali tulilokuwa na haki ya kulitoa, nalo ni la sayansi: matone yatokayo kinywani huendaje, hukaa wapi, hufika umbali gani, na dereva apitapo mpakani pumzi yake hupita naye. Mtoto akilijua hilo atafikia mwenyewe hukumu iliyo sawa juu ya mitaa miwili iliyotenganishwa na hatua chache. Redio hutoa agizo, na agizo huweza kubadilika jioni. Namna ugonjwa unavyoenea haibadiliki kwa sababu msomaji wa habari amebadilika.

Tena ipo lugha ya nyumbani. Redio zetu hutangaza kwa Kiswahili. Redio ya taifa ya Zambia hutangaza kwa Kiingereza na lugha saba za wenyeji, na Kinyamwanga, kinachozungumzwa pande zote mbili za mpaka, si mojawapo. Bibi wa Momba asiyejua Kiswahili vizuri hubaki katikati ya milingoti miwili bila ya wake. Kati yake na tangazo yupo mjukuu wa darasa la nne, ambaye kila jioni hufasiri bila mshahara wala cheti. Akifasiri vibaya, hakuna wa kumsahihisha. Huyu ndiye kiongozi wa kikundi tuliye naye, na twaweza kumfunza.

Namna tunayoipendekeza ni hii, nayo tumekwisha kuijaribu mara kadhaa kwa mafanikio na aibu zetu. Mwalimu akisikilize kipindi kwanza yeye mwenyewe, peke yake, na kama hawezi kukipata mapema akinase kwa simu akitumie kesho. Apime maneno: kirusi, maambukizo, chanjo, umbali. Neno asiloweza kulieleza kwa kitu kinachoshikika asilipeleke darasani bado. Awape watoto swali moja kabla ya kusikiliza, moja tu, kwa mfano: aliyekohoa, matone yake yalikwenda wapi? Wakati wa kusikiliza asiandike ubaoni wala asizunguke akigombeza. Yeye naye asikilize, watoto wamwone akisikiliza. Baada ya hapo mtoto asimulie kwa maneno yake. Akirudia maneno ya redio kama yalivyo, mwalimu amwombe asimulie upya, hata ikichukua muda, kwa kuwa kukariri ndiko kulikotudanganya siku ile ya mita moja.

Kisha zije zana. Kamba ya mita moja, iliyofungwa fundo kila mwisho, haigharimu kitu, na watoto wakiishika wawili wawili uwanjani hawataisahau. Kwa mikono twatumia unga wa chaki: mtoto mmoja hupakwa kiganjani bila wenzake kujua, darasa huendelea na kazi zake za kupeana vitabu na kusalimiana, na mwisho wa kipindi kila mmoja hutazama mikono, mashavu na pua yake. Kicheko huwa kikubwa. Baada ya kicheko wanawe kwa maji matupu waone kilichobaki, kisha kwa sabuni. Mwalimu aeleze kuwa kirusi cha mafua kina ngozi ya mafuta, na sabuni huivunja ngozi hiyo kama inavyoondoa mafuta ya sufuria. Hapo mtoto amepata sababu, na mwenye sababu huweza kumweleza mwingine.

Kazi ya nyumbani isiwe kuandika. Iwe kumweleza mtu mzima mmoja yaliyosemwa, kwa lugha ya nyumbani, na kurudi kesho na swali moja aliloulizwa. Maswali hayo ndiyo kipimo chetu kikubwa kuliko mtihani. Mtoto mmoja alirudi na swali la mjomba wake dereva: ikiwa nalala ndani ya lori na utingo wangu anakohoa, nifanye nini? Mwingine aliletewa swali kama dawa za vidonge vya rangi mbili zauzwazo madukani huponya mafua, na mwalimu akapata nafasi ya kueleza kuwa antibiotiki huua bakteria na haziviui virusi. Maswali yasiyo na jibu yapelekwe kwa mhudumu wa zahanati. Yapo pia ya kupelekwa redioni. Redio ndogo za mikoani hupokea simu na ujumbe wa wasikilizaji, na mtangazaji aletewaye maswali thelathini ya kweli kutoka shule moja hutengeneza kipindi bora kuliko yule aliyepewa karatasi ya kusoma.

Twajua pingamizi zitakazokuja. Wengine watasema redio imepitwa na wakati, kila mtu sasa ana simu. Ni kweli, na katika simu hizo mwaka 2020 tulipokea tiba za kila aina, zilizotumwa na watu tunaowaheshimu, wakiwamo walimu. Redio angalau ina mtu anayejulikana jina na mahali anapokaa. Pingamizi lililo zito zaidi ni la yule msichana: dawati lina watoto wanne, na hakuna kamba itakayoligeuza kuwa madawati mawili. Hilo hatuna jibu lake, nalo si la kutatuliwa na mbinu za kufundishia. Mwalimu asilifiche kwa kuwafanya watoto waimbe "mita moja" wakiwa wamebanana. Awaambie wazi kwamba hapa darasani hatuwezi, kwa hiyo tutafungua madirisha yote, anayekohoa atakaa karibu na dirisha na kuziba kwa kiwiko cha mkono, na mwenye homa atabaki nyumbani bila kuadhibiwa kwa utoro. Hili la mwisho linawahusu walimu wakuu kuliko watoto.

Muhula ujao wanachuo wetu watakwenda shule za Vwawa, Mlowo na Tunduma. Kila mmoja atapewa kamba yenye mafundo mawili na daftari dogo la kuandikia maswali ya nyumbani kama yalivyoulizwa, kwa lugha yaliyoulizwa. Tumeomba daftari hizo zirudishwe chuoni kabla ya alama za mazoezi kutolewa.